Mlango wa Misumari Arobaini na Mmoja

Mlango huu ulikuwa wa jikoni kwetu. Mwaka mmoja maji ya bahari yaliingia ndani mara tatu, ukavimba, ukakataa kufungika, na mume wangu akaung'oa kwenye bawaba zake. Nilidhani anakwenda kuutupa. Sasa umeegemea ukuta mbele yangu, umejaa misumari na nyuzi, na mwezi ujao tunamsomea hitima ya siku ya elfu tangu afariki. Binti yetu Ratri anasema tuamue uende wapi kabla wageni hawajafika, kwa sababu sebule ni ndogo na mikeka inahitaji nafasi. Ni kweli. Lakini kabla haujatoka, nataka kuandika ulifanya kazi gani.

Aliitwa Ngatimin. Mimi nilimwita Mas, naye aliniita Dik, kama Wajava, mke na mume, wanavyoitana. Kazini walimwita Min, na wageni Pak Min, yaani Baba Min. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha pampu Karangbanyu ya chini, upande wa mji ambao ardhi yake imezama mpaka bahari iko juu kuliko vizingiti vyetu. Maji yote ya mtaani hukusanyika kwenye mfereji mkubwa, na pampu tatu huyanyanyua na kuyamwaga ng'ambo ya ukuta. Pampu zikisimama siku ya bamvua, bahari inaturudia kupitia mifereji ile ile.

Shule aliishia darasa la sita. Mimi nilimaliza sekondari, kwa hiyo majina yaliyo kwenye mlango huu niliyaandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, naye akisimama nyuma yangu kuhakikisha sikosei.

Alipofika miaka arobaini na tisa figo zake zilikufa. Kuanzia hapo kila Jumanne na Ijumaa alilala hospitali ya mji saa nne nzima, damu yake ikizunguka kwenye mashine na kumrudia. Aliruhusiwa glasi mbili tu za maji kwa siku. Mtu aliyerusha baharini maji ya mtaa mzima alikuwa akinyonya kipande cha barafu taratibu, asije akakimaliza haraka. Wenzake walimtania.

"Min, bahari nzima unaitapisha, chai tu inakushinda?"

"Kunyweni na yangu," aliwajibu. "Mwisho wa yote itapita kwangu tu."

Kitanda kile ndicho kilichomfanya aanze mlango. Mtu aliyelala saa nne bila kazi huuliza maswali. Alimwuliza fundi wa hospitali maji yanayosafisha damu yake yanatoka wapi. Yanatoka kwenye tangi la juu ya paa. Tangi linajazwa na nani? Ofisi ya maji. Ofisi ya maji inayasukuma kwa kutumia nini? Kwa umeme. Na umeme unatoka kituo cha kupoza umeme kilicho hatua mia mbili kutoka nyumba ya pampu, bondeni kabisa.

"Na kituo hicho kinabaki kikavu kwa sababu ya nani?" Mas aliuliza.

Fundi alicheka. "Kwa sababu yako, Pak."

"Basi damu yangu naisukuma mwenyewe."

Siku hiyo alirudi nyumbani akaomba misumari. Kila msumari ulikuwa mahali: pampu, kituo cha umeme, mnara wa simu, ghala la dizeli, hospitali. Juu ya kila msumari alitundika kifuniko cha chupa kilichopakwa rangi, upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu. Mahali panapofanya kazi ni peupe, palipokufa ni pekundu. Kisha alivuta uzi kutoka kila msumari hadi ule unaoutegemea, na kwenye uzi akapiga mafundo. Kila fundo lilikuwa saa moja ambayo mahali hapo panaweza kuvumilia baada ya kile panachokitegemea kufa. Mnara wa simu ulikuwa na mafundo manne, kwa sababu ya betri zake. Tangi la hospitali, sita. Kituo cha umeme, matatu, yaani muda ambao bamvua huchukua kuyafikia masanduku yake ya chuma pampu zikisimama. Uzi wa pampu kwenda kwenye umeme haukuwa na fundo hata moja.

"Haya, Dik, tuue umeme," alikuwa akisema baada ya chakula, kama watu wengine wanavyosema tucheze karata. Anageuza kifuniko kimoja kuwa chekundu, anafuata nyuzi, anahesabu mafundo, anageuza kingine, na kingine. Nilikuwa nafunga soya za tempe kwenye majani ya mgomba nikiusikiliza mji wetu ukianguka. Mara nyingi uliangukia mahali ambapo sisi sote hatukutazamia. Hilo lilimfurahisha sana, akaanza upya.

Ndipo akaja Bu Hapsari, yaani Mama Hapsari. Alikuwa mwalimu wa uhandisi kutoka chuo cha mji mkuu wa jimbo, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na mji ulimpa kazi ya kutengeneza modeli kwenye kompyuta kuonyesha jinsi kuharibika kwa kitu kimoja kunavyohamia kwenye kingine. Aliomba mtu wa kumwonyesha mifereji. Wakampa Mas, kwa sababu alikuwa na kazi nyepesi tangu augue. Mas alimwonyesha mifereji asubuhi nzima, halafu akamleta kwetu kunywa chai, na Bu Hapsari akauona mlango.

Alichuchumaa mbele yake. Chai yake ikapoa.

"Pak Min, nani alikufundisha hiki?"

"Kitanda, Bu."

"Mimi nilikwenda ng'ambo miaka saba kujifunza hiki hiki."

"Basi kitanda chako kilikuwa mbali," alisema Mas.

Alinakili nyuzi zote. Kompyuta yake ilikuwa na misumari mia moja na kumi na minne, na iliweza kuua umeme kwa njia elfu kabla hujamaliza kumenya kitunguu. Lakini mafundo hakuweza kuyabuni. Kwa hiyo alipeleka fomu kwa kila ofisi: Unategemea nini? Kikisimama, una akiba gani? Itakutosha saa ngapi? Weka sahihi na mhuri.

Fomu zilirudi zote, safi, na mihuri yake.

Wiki mbili kabla ya bamvua kubwa la Mfunguo Tatu, mwezi ambao sisi tunauita Besar, alikuja na kompyuta yake akaifungua kwenye meza yetu. Akaua umeme. Tukatazama. Pampu zikabaki nyeupe. Maji meupe. Mnara wa simu mweupe. Hospitali nyeupe. Saa ishirini na nne zikapita na hapakuwa na nukta nyekundu ila ile moja aliyoiua mwenyewe.

"Mji wenu una afya kuliko nilivyodhani," alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyeonja mchuzi akahisi umekosa kitu asichokijua. Alhamisi ya wiki iliyofuata wakuu wa ofisi zote wangekutana, waione modeli hiyo na kuitia sahihi iwe mpango wa msimu.

Mas alikuwa na barafu mdomoni. Mgeni alipoondoka hakugusa mlango kabisa, nikajua kuna jambo.

"Una nini?"

"Fomu ya pampu niliijaza mimi, Dik."

"Najua. Nilikuona."

"Niliandika jenereta ya akiba ipo. Saa ishirini na nne."

"Si ilikufa ile?"

"Huu ni mwezi wa kumi na nne."

"Sasa uliandikaje ipo?"

"Nilikuwa namfikiria Macan."

Macan alikuwa jenereta ya Bu Tumirah, mjane wa upande wa soko la samaki. Aliichora simbamarara ubavuni, akaipa jina la mnyama huyo kwa Kijava, akaipakia kwenye lori dogo, na kuikodisha kwenye arusi na michezo ya vikaragosi vya vivuli. Ukikwama ulimpigia simu, naye alikuja. Hakuwahi kumkatalia mtu.

Kwetu mtu wa chini hamwekei mkubwa wake kitu kilichovunjika mezani. Tunasema iko mbioni. Mkubwa akisikia iko mbioni haulizi tena, kwa sababu kuuliza ni kukuaibisha. Na Pak Wiryawan, mkuu wa pampu, hakuwa mkubwa wa kawaida kwa mume wangu. Mas alipougua, wengine walitaka arudishwe nyumbani. Pak Wiryawan alimwachia kazi, akampa ruhusa ya Jumanne na Ijumaa, hakuwahi kumkumbusha wema huo. Mtu kama huyo utampaje karatasi iliyoandikwa hakuna?

"Dik," Mas aliniuliza, "Besar hii Macan analala wapi?"

Hilo nililijua mimi kuliko yeye. Besar ni mwezi wa arusi, na wanawake wa mtaa huenda kusaidia kupika. Nilikuwa nimeshamenya vitunguu katika majiko ya arusi nne, na kalenda ya Bu Tumirah nimeiona ukutani kwake, kila siku ina duara.

"Halali," nilisema. "Ijumaa ya bamvua anapanda milimani, arusi ya binti wa mwenye kinu cha mpunga. Saa mbili za barabara."

Jumanne, akiwa kwenye mashine, alimwita fundi wa hospitali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni.

"Akiba ya umeme ya chumba hiki cha damu iko wapi?"

"Ipo, Pak. Tumeiandika."

"Sijauliza kama ipo. Nimeuliza iko wapi."

Fundi alitazama mlangoni, akainama. "Kwa Bu Tumirah."

Mas aliomba simu yake. Akawapigia aliowajua, mmoja mmoja, kwa upole, akianza na habari za watoto. Damu yake ilipomaliza kuzunguka, tulikuwa na ofisi tano. Pampu, hospitali, maji, mnara wa simu, ghala la dizeli. Zote zilikuwa na akiba moja, na hakuna iliyojua habari za mwenzake. Jioni hiyo niligongomea msumari mpya, nikaandika Macan, nikafunga nyuzi tano za njano. Ulikuwa msumari wa arobaini wenye jina.

Bamvua lilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mashine. Yeye hakulitaja hilo, na mimi sikulitaja. Sote wawili tuliukumbuka mwaka wa mafuriko makubwa, kabla hajaugua, kituo cha umeme kilipozama na mji ukakaa siku tano gizani. Mtu asiye na figo hamalizi siku tano.

Jumatano tulikwenda kwa Bu Tumirah. Alikuwa anapaka mafuta mnyororo wa lori, kilemba kimemwangukia begani.

"Mimi?" alisema. "Hospitali inanitegemea mimi? Mbona hawajaniambia, ningekuwa navaa vizuri."

"Kila mmoja alidhani yuko peke yake, Bu," Mas alisema.

"Kama wachumba wangu wa zamani." Alifuta mikono. "Unataka nini, Min?"

"Kesho unipeleke mkutanoni. Na mlango wangu."

Ndivyo mlango wa jikoni kwangu ulivyopanda lori kukaa ubavuni mwa simbamarara, chini ya turubai, na mimi nikaushika usikwaruze.

Walikuwa watu kumi na mmoja kuzunguka meza, mashati ya batiki, na mbele ya kila mmoja kisanduku cha vitafunio. Tulipouingiza mlango Pak Wiryawan alisema, "Min, na huu umejaza fomu?" Wakacheka. Tukauegemeza ukutani, nikakaa nyuma karibu na birika.

Bu Hapsari alionyesha modeli yake. Kila kitu cheupe. Wakuu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na Pak Wiryawan, aliyekuwa mwenyekiti siku hiyo, akachukua kalamu. Mas akasimama. Masikio yake yalikuwa mekundu, kama siku aliyokuja kuniposa.

"Samahani, Pak. Fomu ya pampu niliandika mimi. Si kweli."

Mtu mmoja alifungua kisanduku chake cha vitafunio, akakifunga tena.

"Si kweli namna gani?" Pak Wiryawan aliuliza.

"Jenereta yetu imekufa miezi kumi na minne. Niliyoiandika ni ya Bu Tumirah. Na siku ya bamvua ina arusi."

"Mbona hukuniambia, Min?"

"Nilikuambia, Pak. Nilisema iko mbioni."

Pak Wiryawan aliitazama kalamu yake. Nilimwona akitafuta pa kuiweka.

"Ni kweli," alisema. "Ulisema. Na mimi nikamwambia mkubwa wangu iko mbioni." Akailaza kalamu juu ya kisanduku chake cha vitafunio. "Imekimbia mbali sana hiyo."

Mtu alicheka, halafu wengine, na kicheko hicho ndicho kilichofungua chumba. Fundi wa hospitali akanyoosha mkono. "Na yetu, Pak. Ni ya Bu Tumirah." Bibi wa ofisi ya maji akasema na yao. Mtu wa ghala la dizeli akasema yeye alidhani ni siri yake. Wa mnara wa simu alisema yao ni kwa dharura tu.

"Dharura yako ni ya saa ngapi?" Bu Tumirah aliuliza kutoka mlangoni. "Niandike kwenye kalenda, maana Ijumaa ya bamvua nina bibi harusi."

Bu Hapsari hakucheka. Alikuwa anabadilisha namba, ishirini na nne kuwa sifuri, mara tano. Akaua umeme tena.

Pampu zilikufa papo hapo. Saa ya tatu kituo cha umeme chenyewe kikazama. Saa ya nne mnara wa simu. Saa ya sita tangi la hospitali. Kisha wekundu ukaenda kwenye masoko, kwenye barabara, kwenye shule, na pembeni mwa kioo pakaandikwa mji utarudi baada ya siku tano. Ilikuwa namba ile ile ya mwaka wa mafuriko, na hakuna aliyemwambia Bu Hapsari.

Watu wale kumi na mmoja walitazama, na hakuna aliyegusa chai. Mimi nilimtazama mtu wa darasa la sita aliyesimama kando ya mlango wa jikoni kwangu, shati lake limelegea kwa jinsi alivyokonda. Nimewahi kuwa na fahari siku nyingine, siku aliyozaliwa Ratri, siku Ratri alipofaulu. Haikuwa kama ile.

"Basi," alisema mmoja wa wakuu, "tunayo jenereta moja. Iende hospitali. Hapo hapana mjadala, kuna wagonjwa." Wote wakakubali.

Bu Hapsari aliiweka hospitali. Hospitali ikabaki nyeupe mpaka saa ya sita, tangi likaisha, ikawa nyekundu. Kituo cha umeme kilikuwa kimezama zamani. Siku tano.

"Iweke kwetu, Bu," Mas alisema. "Kwenye pampu."

Akaiweka. Macan aliweza kuzungusha pampu moja tu kati ya tatu, lakini moja ilitosha kuyashikilia maji kwenye uzio wa kituo cha umeme. Chumba cha damu kikawa chekundu tangu mwanzo. Mnara wa simu ukafa saa ya nne. Lakini kituo kilibaki kikavu, na hitilafu ya kwanza, ya waya uliokatika njiani, ilipotengenezwa, mji mzima ukarudi.

"Saa tano," Bu Hapsari alisema. "Labda sita."

Fundi wa hospitali aligeuka. "Pak Min, Ijumaa ni zamu yako ya mashine."

"Ratiba yangu naijua."

"Umeme ukikatika ukiwa juu yake, sina cha kukusaidia."

"Mtairudisha damu kwa mkono, nitasubiri. Saa tano nazivumilia. Siku tano siziwezi, wala wale wenzangu kumi na wawili."

Pak Wiryawan aliandika pampu kwenye karatasi, akaweka sahihi, akampa kalamu aliyefuata. Wakati watu wanatoka Bu Hapsari alichuchumaa tena mbele ya mlango, akagusa msumari mdogo chini ya ule wa hospitali. "Huu wa nini? Hauna jina wala kifuniko."

"Huo ni wa ziada, Bu," alisema Mas.

Siku zilizobaki walijaza mapipa ya dizeli kwenye nyumba ya pampu, na Bu Tumirah akapanda milimani kuomba radhi. Alirudi akicheka peke yake. "Mwenye kinu ananiuliza, wageni wale gizani? Nikamwambia karabai zipo, na bibi harusi wako kwenye mwanga wa karabai atapendeza zaidi. Mama yake akanipa kuku."

Ijumaa ya bamvua umeme ulikatika saa nne na dakika ishirini asubuhi, kisanduku cha njiani kilipopata maji ya chumvi. Mas alikuwa hajafikisha hata saa mbili kwenye mashine. Mashine zote kumi na tatu zililia kwa pamoja, na wauguzi wakaanza kuzungusha vishikio kwa mkono, taratibu, kurudisha damu ya kila mtu mwilini mwake. Niliona yake ikipanda kwenye mrija mpaka mrija ukawa mtupu. Wakamfunga bandeji. Akaomba kitanda kigeuzwe aione saa ya ukutani.

Saa sita alipiga simu nyumba ya pampu. Mwenzake hakujibu kwanza, alielekeza simu kwa Macan, na mngurumo ukajaa sikio langu nami nikiwa upande wa pili wa kitanda.

"Anakula?" Mas aliuliza.

"Anakula, Min. Maji yako ngazi ya tatu. Hayapandi."

Saa nane na dakika ishirini na mbili simu ikafa mkononi mwake. Watu wengine chumbani walianza kuhangaika, wakinyanyua simu zao juu. Mas alitabasamu.

"Fundo la nne," alisema. "Dakika mbili tu za ziada, Dik. Betri zao nzuri."

Baada ya hapo hatukujua chochote. Muuguzi mkuu alikuja akauliza kama awarudishe wagonjwa nyumbani. Mama mmoja kitanda cha jirani alikuwa amevimba miguu, anapumua kwa kelele. Wote walimtazama Mas, sijui nani aliwaambia habari za mafundo yake.

"Subirini," alisema.

Mkono wake ulikuwa baridi, nikaufunika kwa saruni yangu. Tulitazama saa. Saa tisa. Saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na robo feni ya dari ililia kidogo, ikazunguka nusu, ikasita, halafu ikaenda.

Fundi alikuja akasimama mwisho wa kitanda. Aliinamisha kichwa mbele ya mume wangu kama mtu anavyoinama mbele ya mzee wake, ingawa walikuwa rika moja, kisha akaenda kuwasha mashine. Yule mama wa jirani aliunganishwa wa kwanza. Mas alisema yeye atangoja.

Jumapili Pak Wiryawan alikuja na samaki bandeng wa kuchoma, akakaa mpaka adhuhuri akiongea habari za ndege wake wa kufuga. Mkutano hakuutaja. Kipuri cha jenereta ya pampu kilifika kabla mwezi haujaandama. Na kwenye fomu ya Bu Hapsari, ambayo sasa hupelekwa kila ofisi kila mwaka kabla ya Besar, kuna mstari mpya ulioandikwa kwa maneno ya Mas: Ni ya nani, na nani mwingine anaitegemea?

Aliishi baada ya hapo mwaka na miezi saba. Alikufa Jumatatu asubuhi, moyo, hapa nyumbani, akiwa ameshanyonya nusu ya barafu yake. Bahari ilikuwa imekupwa na pampu zimepumzika.

Nilianza kuandika haya wiki iliyopita. Jana nilipangusa vumbi, nikahesabu. Majina niliyoyaandika ni arobaini. Misumari ni arobaini na mmoja. Nikaupata ule mdogo chini ya hospitali. Uzi wake ni mweupe, mwembamba, na mafundo yake manne si kama mengine, ni makubwa, yamepigwa mara mbili. Alikuwa akipiga hivyo alipotaka kuhesabu siku badala ya saa. Nilikaa kwenye mkeka.

Alijiweka mwisho kabisa wa mji. Kutoka kwenye msumari wake hakuna uzi unaoshuka. Kwa hesabu yake, wekundu ukifika pale unaishia pale, hauangushi kitu kingine.

Hapo alikosea. Hata fomu hiyo haikuwa kweli.

Nilichukua nyundo, nikagongomea msumari mmoja chini ya wake, nikavuta uzi. Ratri alikuwa amesimama nyuma yangu, kama baba yake alivyokuwa akisimama.

"Mafundo mangapi, Bu?" aliuliza.

Sikupiga hata moja.

Leo asubuhi Bu Tumirah alikuja na lori. Mlango unakwenda nyumba ya pampu, ukuta umeshapakwa chokaa. Pak Wiryawan, ambaye amestaafu, alikuja kusaidia kuubeba, na kabla hatujauinua alivaa miwani akausoma wote, msumari kwa msumari, akitaja majina chini chini. Akafika chini.

"Hapa ipo miwili isiyo na jina," alisema. "Mmoja nakumbuka Min alisema ni wa ziada. Huu mwingine?"

"Na huo, Pak," nilisema, nikashika upande wangu wa mlango.